Jicho la Kofia

Hivi unajua jicho la mbwa huchorwa lini? Mwisho. Mwisho kabisa, baada ya manyoya, pua na masharubu. Halafu juu ya jicho huwekwa tone jeupe, dogo kama kichwa cha pini, na hapo ndipo mbwa anapokutazama.

Sasa mchoraji mmoja aliyeitwa kumchora mbwa, kila akija asubuhi, alikuta jicho limefutika.

"Ni mkia wa huyo huyo Kofia," alisema mkwe wa nyumba ile. Alikuwa amesimama juu ya kiti, anapima dirisha la chumba cha bibi, mama mkwe wake, kwa futi kamba. "Anapita hapo na mkia wake, anapangusa. Na Mama hamkatazi."

Kofia, mbwa mwenye baka jeusi kichwani, alijilaza kwenye mkeka miguuni pa bibi. Bibi mwenyewe alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Picha ilichorwa chumbani humo kwa sababu mbwa hakukubali kutulia pengine.

Mchoraji alipima kwa macho. Mkia wa Kofia haukufika hata nusu ya stendi ya picha, na chini ya ukucha wa bibi kulikuwa na rangi ya kahawia.

Mchoraji wa wanyama ana mazoea yake. Wengi humwita wakati mnyama wao anakaribia kuondoka: paka mwenye uvimbe, kasuku wa watu wanaohama, mbwa aliyekwisha kupangiwa sindano ya mwisho. Kwa hiyo siku ya kwanza, mwana wa bibi alipozungumza naye ukumbini, alielewa mara moja.

"Nyumba haitutoshi tena," mwana alisema, huku akichezea funguo. "Mama amekubali, ila kwa sharti apate picha ya Kofia kwanza. Ikikauka tu, gari linakuja. Usinikalie mwaka mzima, bwana."

Nje, seremala alikuwa akigonga mbao. Kasha la kumsafirishia, mchoraji akawaza, na akamwonea mbwa huruma.

Ndiyo maana alichagua rangi za mafuta, zile zinazojivuta kukauka. Alianza na rangi ya giza, kama kivuli cha mbwa tu. Juu yake akapandisha kahawia, kisha rangi ya mchanga, akifuata manyoya yanavyolala: kutoka puani kurudi nyuma, yakizunguka sikio, yakishuka shingoni. Manyoya hakuyachora kwa brashi mpya. Alikuwa na kuukuu moja, nywele zimetawanyika kama ufagio wa jikoni. Ukiigusisha tu, inaacha vistari vyembamba vyembamba.

"Ukienda kinyume cha manyoya," alimweleza bibi, "mbwa anaonekana kama kanyeshewa."

"Basi nenda kinyume," bibi alisema. "Halafu urudie."

Wakacheka wote wawili. Kisha bibi akashusha sauti.

"Ikiisha hii, tunaachanishwa, mwanangu. Usiikimbize."

Siku nyingine mchoraji akatania. "Bibi, hebu sogea hapo karibu na Kofia, niwachore pamoja."

Mkwe aliangua kicheko, pazia mkononi. "Jamani! Mama naye atundikwe ukutani? Wageni wangu si watakimbia!"

Bibi alifungua mdomo. Akaufunga. Akaendelea kumkuna Kofia nyuma ya sikio.

Jicho likafutika tena, na tena. Mwanzoni mchoraji alilirudia kimya kimya, huku akimkonyeza bibi. Lakini binadamu huchoka. Kulikuwa na paka wa watu anamsubiri, na mwana alishaanza kumpigia simu kwa ukali. Hatimaye mkwe akamvuta pembeni.

"Hivi kweli hakuna dawa ya kukausha hiki kitu?"

Ipo. Matone machache kutoka kwenye kichupa cheusi, na rangi ambayo ingebaki mbichi siku nyingi inashika kabla ya kesho. Mchoraji alijiambia kwamba kumchelewesha mnyama ni kumtesa bure. Akachanganya dawa mbele ya bibi, naye bibi akadhani ni mafuta yale yale. Akachora jicho. Akaweka tone jeupe.

Asubuhi alimkuta bibi mbele ya stendi, anasugua. Alisugua kwa kidole, akatia mate, akasugua tena. Jicho lilimtazama tu.

"Limekauka!" mkwe aliita kutoka mlangoni. "Baba watoto, njoo, limekauka!"

Gari lilifika chai ikiwa bado ya moto. Mchoraji aliibeba picha mwenyewe hadi uani, akiwa ameinamisha kichwa, maana hakutaka kukutana na macho ya mbwa.

Kofia alikuwa amefungwa mbele ya kibanda kipya cha mbao kilichopakwa rangi ya buluu. Watoto walikuwa wamemtandikia blanketi la kitandani kwa bibi, naye alilala juu yake anapiga miayo.

Kwenye kiti cha nyuma cha gari, sanduku lake likiwa mapajani, alikaa bibi.

"Kule kuna wazee wenzako, Mama, utazoea tu," mwana alisema, mkono tayari kwenye mlango. "Na Kofia wako huyo kwenye picha anakuja, unaye."

Bibi aliipokea picha, akaiweka juu ya sanduku. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama mchoraji.

"Siku ile nilitaka unichore na mimi," akasema. "Picha yangu iwabakie wao."