Buibui wa Mlango Mkubwa

Noof alikuwa ameshainua ufagio juu Bibi Mwanamize alipompigia ukelele kutoka dirishani. Tangu asubuhi Bibi hakutoka chumbani mwake, lakini jicho lake lilikuwa kila mahali.

"We Noof! Thubutu!"

"Bibi, wageni wanakuja sasa hivi!"

"Na waje. Buibui alimsitiri Mtume pangoni, leo wewe umpige ufagio? Nyumba hii haiui buibui."

Utando wenyewe ulikuwa mpana kama sinia la biriani, umefungwa kati ya nguzo mbili za mlango mkubwa. Mlango ule hufunguliwa kwa wageni tu. Watu wa nyumbani hutokea jikoni, upande yanakowekwa magari. Kwa hivyo buibui alifuma kwa raha zake.

Tatizo ni kwamba wageni wa leo walikuwa wa posa. Walikuwa wakitoka mtaa wa Khuwair ya Kusini, wakiongozwa na Bi Zakiya, aliyekuja kumposea kaka yake, Marhoon. Bi Zakiya huyo, wilaya nzima ya Bawshar ilijua kuwa alishavunja posa moja kwa sababu ya vumbi juu ya feni. Na Noof aliitaka posa hii mpaka alikosa usingizi. Tangu Babu Saeed afariki, nyumba ile haikusikia kigelegele hata kimoja.

Akashusha ufagio, akasogea. Ajabu, kila akitazama alizidi kutaka kutazama. Buibui alikuwa na mistari ya manjano tumboni. Uzi mmoja ulikatika. Akauvuta kwa mguu, taratibu, kama fundi cherehani. Noof akatoa simu, akampiga picha, akatafuta habari zake, akasoma.

"Bibi, hapa wanasema anaula utando wake wa zamani, halafu anafuma mpya."

Bibi akasogea dirishani. Kisha: "Anaula wote?"

"Wote."

"Mashallah," alisema Bibi polepole. "Basi mwache."

Honi ikalia getini. Mahfoudha, mama yake Noof, akaja mbio na chetezo cha udi mkononi, akauona utando, akajishika kichwa.

"Sasa tuwapitishe wapi?"

"Jikoni, Mama."

"Wageni wa posa wapite jikoni? Watu watatusema mpaka Nizwa!"

Wakapita jikoni. Bi Zakiya, mkono mmoja kiunoni, mwengine umekamata abaya yake isiguse masufuria, alijipenyeza kati ya friji na ndoo ya vitunguu, na wenziwe wawili nyuma yake. Noof alisoma dua zote anazozijua.

Walipokaa, Bi Zakiya hakuigusa halwa.

"Nimekwenda posa nyingi," alisema, "lakini sijapata kuingizwa kwa njia ya vitunguu. Kuna nini mlango mkubwa?"

Mama akababaika. Noof, mdila wa kahawa mkononi, akaona hakuna uongo utakaofaa.

"Kuna buibui, Bi Zakiya. Kafuma. Hatukutaka kumvunjia."

"Buibui?"

"Naam."

"Hebu nionyesheni."

Mama akaufungua mlango kwa ndani. Jua la alasiri lilikuwa limeupiga utando, unang'aa uzi kwa uzi. Bi Zakiya akavaa miwani, akainama, akatazama weee. Mabega yakaanza kumtikisika. Noof alidhani ni hasira. Kumbe anacheka! Alicheka hata miwani ikamwanguka. Wenziwe nao wakaangua, na Mama akawafuata, chetezo nusura kimponyoke.

"Mmenipitisha kwenye vitunguu kwa heshima ya mdudu!" alisema akifuta machozi. "Kaka yangu anakoroma, na anabishana na televisheni. Nilikuwa nna hofu nani atamstahamilia. Hapa nishajua hatofukuzwa. Ileteni hiyo halwa!"

Mama alipiga kigelegele kimoja, kikazaa vingine mpaka majirani wakachungulia.

"Haya," alisema Bi Zakiya, mdomo umejaa, "bi harusi yuko wapi? Aje tumuone."

Noof akautua mdila, akakimbia ukumbini, akausukuma mlango wa chumba. Bibi Mwanamize alikuwa amekaa kitandani, hina imemkolea mikononi, shela kajifunika mpaka puani, anacheka kimyakimya kama msichana.

"Inuka, Bibi," Noof alimwambia. "Umepata mume."