Nyekundu kwa Mujibu wa Jaribio

Siku hizi rangi ni ile inayotajwa na jaribio. Macho ya mtu si ushahidi. Kidawa alikula mkate wake kwa sheria hiyo. Kutwa nzima alikaa mbele ya simu zinazofunguka zenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, mashine ikikagua rangi ya kila kitufe. Leo kitufe cha hatari cha programu ya zahanati kilitokea cha kahawia, wala hakikuhitaji miwani. Jaribio likasema nyekundu. Kidawa, hoi bin taaban, akabonyeza "Nakubali", kama kawaida yake.

Jioni alimkuta mumewe, Shomari, amempakata mtoto wao dirishani.

"Mama Nuru, hebu njoo. Macho ya mtoto yamekuwa ya njano. Hata jirani kaona."

Kidawa akamwelekezea mtoto simu. Programu ikajibu: meupe.

"Basi ni meupe," alisema kwa uchovu. "Hata tukienda zahanati, mlango unaifuata programu; hautafunguka."

"Achana na simu. Wewe mwenyewe unayaonaje?"

Kidawa akamchukua mtoto, akamgeuzia kwenye mwanga, akayatazama macho yale kwa muda mrefu, akiitafuta njano.

Hata kwa macho yake mwenyewe, yalikuwa meupe. Hapo ndipo hofu ilipomwingia.