Pasipoti Dirishani

Duka la kubadilisha fedha mjini Madrid lilidai pasipoti. Ya madam ilikuwa imebaki hotelini. Iliyokuwamo mkobani mwake ni ya Mwikali, mfanyakazi wake wa ndani, ambaye hakuwa ameishika tangu atue Riyadh miaka miwili iliyopita.

“Badilisha kwa jina lako,” madam alisema mlangoni, akampa pasipoti na riyali elfu tano. “Yalla, haraka.” Akarudia simu yake.

Karani alirudisha yuro, risiti na pasipoti. Jalada lilinukia udi wa madam.

Mwikali alitoka nje akamkabidhi yuro na risiti. Madam akazihesabu noti mara mbili.

“Umenipa zote?”

“Zote, madam.”

Chini ya sidiria, kona ya pasipoti ilikuwa ikimchoma.