Mwalimu Asiye na Shule

Hakuna shule iliyomjua. Lorna Pacheco alipiga simu kila mahali, kuanzia vyuo vya mjini hadi darasa la watu wazima nyuma ya kiwanda cha zabibu kavu, na jibu lilikuwa lile lile.

"Cheng Moua? Yule wakili? Hapa hafundishi, mama. Labda umekosea jina."

Hakukosea. Moua alikuwa anagombea ujaji, na chini ya jina lake kwenye karatasi ya kura aliomba yaandikwe maneno haya: Wakili na Mwalimu.

Katika bonde lile la California, wengi humchagua jaji wasiyemjua. Husoma maneno machache chini ya jina, wakatia alama. Ndiyo maana sheria inadai yataje kazi unayoifanya kweli. Na neno "mwalimu" huvuta kura kuliko mabango yote ya barabarani.

Lorna aliendesha kampeni ya mpinzani wa Moua, Jaji Seta Manukian, aliyekikalia kiti hicho kwa miaka mingi.

"Huyu ni mwongo, Mheshimiwa," alimwambia, akimsogezea karatasi za malalamiko ya kupeleka mahakamani. "Soma mwenyewe uone."

"Nisomee wewe. Nikisikia ndiyo nafikiri vizuri."

Lorna akasoma. Seta alisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akasema, "Muache."

"Nimuache? Anatuibia kura mchana kweupe!"

"Muache, Lorna."

Huyu ndiye Seta aliyewahi kumfukuza wakili mahakamani kwa kudanganya tarehe moja tu. Leo anamhurumia mwongo? Lorna alitoka akiwa na kitu kinamkereketa moyoni.

Alhamisi akamfuata Moua. Alimwona akitoka ofisini na begi lililotuna, akaendesha hadi kanisa la Waarmenia, akaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma. Lorna aliegesha ng'ambo ya barabara, akanunua taco, chapati iliyokunjwa na nyama ndani, na kuishika tu mkononi hadi ikapoa. Hakukuja mtoto, hakukuja mtu mzima na daftari. Lakini pale uani, chini ya mti, lilikuwa limeegeshwa gari analolijua vizuri. La Vahan, mume wa Seta.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa jaji.

"Mumeo anaonana na Moua kwa siri."

Vahan, aliyekuwa akimimina kahawa, aliacha kumimina.

"Vahan haniuzi," Seta akasema.

"Basi wanaongea nini mle ndani? Mapishi?"

"Ukinipenda, acha hiyo kesi."

"Nakupenda, ndiyo maana siachi."

Lorna akaifungua kesi kwa jina lake mwenyewe, kama mpiga kura yeyote anavyoruhusiwa. Moyoni alishajiambia: hawa watatu wana jambo wanalonificha, na mahakamani litatoka.

Siku ya kesi alikaa benchi la mbele. Seta aliingia nyuma ya watu wote, ameshika mkono wa mumewe kama wameoana jana, wakakaa mwisho kabisa. Lorna hakuwasalimia.

Kesi ilisikilizwa na Jaji Ostrander, aliyeletwa kutoka kaunti jirani ili asiwe rafiki wa yeyote.

"Bwana Moua, unafundisha shule gani?"

"Hakuna shule, Mheshimiwa. Nafundisha mtu mmoja mmoja. Nilijifunza kazi hii kwa baba yangu."

Watu wakacheka chini chini. Lorna akacheka kwa sauti.

"Nitajie basi mmoja uliyemfundisha mwaka huu. Mmoja tu, aje hapa aseme."

Moua alitikisa kichwa.

"Aliniomba nisimtaje. Nilimpa neno langu."

"Unaelewa kwamba usipomtaja nitalifuta hilo neno, na magazeti ya kesho yatakuita mwongo?"

"Naelewa, Mheshimiwa. Lifute."

"Hayupo huyo mtu!" Lorna akaropoka. "Angekuwapo angemtaja zamani!"

Ostrander akamtuliza kwa mkono, akavuta kalamu. Lorna aligeuka nyuma amwone Seta, apate kuusoma uso wake katika saa ya ushindi.

Seta alikuwa amesimama. Vahan alikuwa akimvuta mkono, akimnong'oneza, "Usifanye hivyo, watu hawatakupigia kura," naye akajinasua. Akaja mbele peke yake, polepole, akipapasa benchi moja baada ya jingine, akapita kando ya Lorna bila kumwona.

"Mwanafunzi wake ni mimi," akasema. "Ananifundisha kusoma kwa vidole."