Doa Kwenye Kola

Mkemia aliikata kola ya shati la mumewe kwa mkasi, akaitia kwenye bahasha kama ushahidi wa mauaji.

Doa la rangi ya waridi alilikuta jana yake, akipekua mifuko. Tangu daktari amwambie bwana huyo kuwa ana kisukari, hakuna mfuko wake uliolala bila kupekuliwa.

"Hii nini, baba watoto?"

Mume alitazama doa, akatazama mlango, akainamisha kichwa. "Yuko mwanamke," akasema. "Nisamehe."

"Nani?"

"Humjui."

Hata yeye alionekana kama hamjui. Mkemia hakulia mbele yake. Alilia bafuni, bomba likiwa wazi, kwa sababu alimpenda yule mzee na hakuwa na mwingine.

Asubuhi meza ya maabara ilikuwa imejaa peremende za mitaani. Wiki nzima walikuwa wakizipima, wakisaka rangi ya vitambaa iliyokatazwa kwenye chakula. Mkemia alizisukuma kando, akaidondoshea kola tone la maji yenye chembechembe za fedha, akaiweka chini ya leza. Kwa fedha ile, hata uchafu usioonekana kwa macho hujitaja wenyewe, na mashine ikauchora kwa mistari.

"Ukishajua ni rangi ya mdomo ya duka gani, itakusaidia nini?" mwenzake aliuliza.

"Nijue kama nimeachwa kwa mtu wa maana."

Mistari ikapanda kwenye skrini. Mwenzake alisogea, akaitazama vizuri, akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Tupime tena," mkemia alisema.

Wakapima tena. Ikawa ileile.

Jioni alimkuta mume sebuleni, amenyoa ndevu, sanduku la nguo miguuni, tayari kufukuzwa. Mume alimwitikia salamu kwa kutikisa kichwa tu, midomo ameibana. Mkemia akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yakakaribia kugusana.

"Toa ulimi."

Mume alifumba macho, akautoa. Ulikuwa wa waridi hadi shinani.

"Mwanamke ungenisamehe, mama watoto," akasema. "Peremende, kamwe."