Mti wa Malishoni kwa Lorna

Lorna Stygles hakubisha hodi. Aliingia asubuhi hiyo hadi jikoni kwa Mzee Orrin na buti zake za tope, akafumbua kiganja juu ya meza.

"Huu ni mti gani?"

Orrin, aliyekuwa bwana misitu wa bonde lile kwa miaka thelathini, alisogeza kikombe chake cha kahawa. Yalikuwa majani matatu yaliyonyauka, na mbegu chache zenye mbawa, zimeshikana mbilimbili.

"Kaa kwanza. Farasi wanaendeleaje?"

"Wa tatu kafa juzi. Mkojo mweusi kama hiyo kahawa yako. Niambie mti."

Bonde zima lilijua habari za farasi wa Lorna. Lilijua pia anamshuku nani: Merle Gaudette, jirani aliyegombania naye mpaka wa shamba kwa miaka kumi na mmoja.

Orrin alivaa miwani. "Mepo, yaani 'maple', hilo halina ubishi. Ila si ule tunaougema utomvu wa sukari. Ule wa sukari, ukingo wa jani lake ni laini, hili lina meno kama msumeno. Geuza, unaona weupe huku chini? Halafu mbegu zimeiva sasa, Juni. Za mepo wa sukari huiva wakati wa baridi kuingia. Huu ni mepo mwekundu."

"Una hakika?"

"Nimeukata na kuupanda maisha yangu yote."

"Unaua?"

"Jani bichi si kitu. Lakini dhoruba ikivunja tawi, majani yakanyauka, farasi akayala, damu yake inaharibika. Ile dhoruba ya juzijuzi iliangusha matawi mangapi kwako?"

Lorna alifuta kiganja kwenye koti. Akakifuta tena.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuwalisha makusudi."

"Anaweza. Lakini ajisumbue ya nini, na yamejaa malishoni?" Orrin alivua miwani. "Tena wewe ni wa pili kunionyesha. Merle alikuja jana jioni."

"Merle? Kutafuta nini?"

"Kuuliza kama wewe. Aliyaona upande wako wa ua. Nikamwambia nenda kamwambie mwenyewe. Akacheka, eti, 'Yule mama hata salamu yangu haitaki, ataniamini hilo?' Basi nikamshauri awahi alfajiri, ayazoe kimyakimya."

Lorna alikaa, polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Alikuwa na gunia," alisema. "Ameinama katikati ya farasi wangu, na gunia. Nikadhani anayamwaga."

Orrin alimtazama, kisha akayatazama majani.

"Lorna. Haya umeyatoa wapi?"

"Mkononi mwake, alipoanguka asiinuke tena. Kamwambie mkewe wewe, Mzee Orrin. Mimi nimefika mlangoni pake mara mbili, nikarudi."