Mbuni Apima Walinzi

Enzi wanyama walipokuwa na ligi yao ya mpira, Mbuni ndiye aliyewapima vijana wa vyuoni kabla timu hazijagawana wachezaji. Alipenda miguu mirefu kama yake. Mwaka uliopita alimchagua Swala awe mlinzi, na Swala alikimbia kweli kweli, ila kila mpinzani alipomjia, alikimbilia nyumbani.

"Safari hii ukikosea, kazi huna," Kiboko, mwenye timu, alimwonya.

Basi Mbuni akapima kwa bidii: urefu wa Twiga, uzito wa Nyati, mbio za Pundamilia. Alipomfikia Nyegere, alicheka mpaka manyoya yakamtikisika.

"Bwana mdogo, hiyo ni miguu au visiki?"

"Mzee, hujanipima kukaba."

"Kukaba hakumo kwenye vipimo vyangu. Nipishe, nipeleke majina."

"Pita basi," Nyegere akasema, akasimama njiani.

Mbuni akaenda kulia, Nyegere yuko kulia. Akaenda kushoto, Nyegere yuko kushoto. Akarudi nyuma, akatimua mbio zake zote, vumbi likapanda. Lilipotulia, Mbuni alikuwa chali, na Nyegere amemkumbatia miguu yote miwili.

"Niachie, bwana! Kiboko ananisubiri!"

"Si upite, mzee?"

Mbuni akatazama mbingu kidogo, kisha akacheka tena, sasa kwa raha. Akaokota orodha, akafuta majina yote, akaandika moja.

"Twende wote kwa Kiboko," akasema. "Akiniuliza una urefu gani, nitamwambia ajaribu kukupita."